Hajambo, Ila Anakuulizia

Kazi yangu ni kuogopa kwa niaba ya watu wengine. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya wakishuka kwenye basi pale stendi ya Sumbawanga, wanacheka, wanapiga picha, wanashangaa baridi ya Afrika, mimi nimeshaona kichwani jinsi kila mmoja wao atakavyodhurika. Huyu mrefu ataanguka na bodaboda. Huyu wa miwani atakunywa maji ya kisima bila kuchemsha. Yule anayependa wanyama atang'atwa na mbwa wa watu. Wao wamekuja kujitolea kwa wiki sita, kufundisha shule za msingi, kusaidia kazi za kijiji, na kuishi kwenye familia zetu ili wayajue maisha ya Ufipa. Mimi nipo ili warudi kwao wazima.

Zamani nilikuwa mwalimu wa sekondari. Nilipostaafu mapema, ofisi moja ndogo inayopokea wageni hawa ilinichukua, eti kwa sababu nina mdomo. Kweli ninao. Kabla hawajakwenda vijijini nakaa nao siku tatu kwenye ukumbi, nawafundisha mpaka wananichoka. Shikamoo ni kwa nani. Choo cha shimo kinatumiwaje. Neti ni kila siku, usiniambie huku ni baridi hakuna mbu. Helmeti ni kila safari, hata ya kwenda dukani. Na ya mwisho, niliyoipenda kuliko zote: ukiulizwa habari, jibu nzuri kwanza. Hata kama umefiwa, jibu nzuri, mengine yatafuata. Usimlilie mwenyeji wako mlangoni. Nilikuwa naigiza kabisa, naweka mkono kifuani, wanacheka, nami najiona mwalimu hodari.

Mwaka huo walikuja sita. Mmoja wao, binti aliyekuwa anasoma historia, alikuwa amejifunza Kiswahili kwao miaka miwili kabla ya kuja. Huyo aliniteka. Nikisema kitu mara moja ameshika. Siku ya pili alinisalimia amepiga goti, akapiga makofi taratibu kama mama zetu wa Kifipa, nusura nidondoshe kikombe. Siku ya tatu aliniona nakagua mabegi kwa mara ya tano, akaniambia, "Mwalimu, punguza presha. Tutakuwa poa." Wee! Nikamwambia poa kamwambie mshikaji wako, siyo mimi. Wote wakaangua kicheko.

Kabla ya safari wazazi hupewa nafasi ya kuongea nami kwa video. Wengi huuliza mambo ya chanjo, bima, umeme. Mama yake binti yule hakuuliza lolote kati ya hayo. Alikuwa peke yake jikoni kwake, akaniambia huyo ndiye mtoto aliyenaye, hana mwingine, kisha akauliza, "Atarudi?" Ofisi yetu ina sheria moja iliyoandikwa kwa herufi nene: usimwahidi mzazi. Unatakiwa useme tutachukua tahadhari zote. Mimi na mdomo wangu huu nikamwambia nitamkabidhi mwanawe mkononi. Tangu siku hiyo sikupata usingizi wa maana.

Ndiyo maana binti nikampeleka kwa mama ninayemwamini kuliko wote. Ni mjane, anaishi kijiji kimoja njia ya Namanyere, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa, mkulima wa mahindi na ulezi. Nyumba yake inang'aa. Vyombo vyake vinaanikwa kwenye kichanja, maji yanachemshwa bila kukumbushwa. Alishapokea wageni wangu mara tatu na wote waliondoka wanalia. Nilipomkabidhi binti alimshika mikono miwili akasema, "Huyu sasa ni wangu." Nikashusha pumzi, ingawa si kwa muda mrefu.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Kila siku saa kumi na moja jioni nawapigia wenyeji wote sita, mmoja baada ya mwingine. Nina fomu iliyotoka chuoni kwao, yenye safu: afya, chakula, usalama, mengineyo. Nauliza, najibiwa, naweka tiki, natuma. Ikichelewa wananiandikia barua pepe mbili. Kwa hiyo saa kumi na moja kwangu ni vurugu tupu: simu sikioni, kalamu mkononi, natembea sebuleni huku na huku, mume wangu anavuta miguu nisimkanyage.

Wiki ya pili tuliwapeleka Kipili kupumzika, siku mbili ziwani. Jamani, zile siku mbili! Nilikuwa nahesabu vichwa majini mpaka macho yakaniuma. Nilimuuliza kila mvuvi habari za mamba. Nilimkataza kila mtu kupanda mtumbwi bila jaketi. Walipotoka majini wote sita, wamekauka, wamevaa, nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi wakanicheka. Kule chini kuna joto, na jioni walikaa nje na kaptula wakila migebuka, samaki wa ziwa lile. Mimi nilikuwa bado nayatazama maji.

Tukapanda tena juu, kwenye upepo wetu wa Juni usiojua huruma. Siku kumi hivi zikapita kwa amani. Kisha ikaja ile wiki.

Jumatatu saa kumi na moja nilimpigia mama mjane. "Shikamoo mama. Mgeni hajambo?"

"Marahaba mwalimu. Hajambo kabisa. Leo ugali hakuumaliza."

Nikacheka. Nikamwambia ugali wake hata mimi unanishinda, anasonga kama analisha wanaume wa shambani. Naye akacheka kidogo. Nikaweka tiki.

Jumanne: "Hajambo, mwalimu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, akasema ajilaze kidogo. Amelala mpaka jua limeshuka."

"Mwache apumzike, mama, wamezoea vitanda laini hawa." Ila roho ikanigusa kidogo, nikaomba niongee naye mwenyewe. Akapewa simu. "Habari yako, binti?" "Nzuri, Mwalimu," akajibu. "Salama kabisa." Sauti ilikuwa mbali. Nikaulaumu mtandao, nikaweka tiki.

Jumatano: "Hajambo. Leo nimemchemshia uji wa ulezi. Na blanketi langu nimempa."

"Mungu akubariki sana, mama, unavyomtunza," nikasema, na nilikuwa nasema kutoka moyoni. Lakini mawazo hayakuwa hapo. Jioni hiyo nilikuwa nimepata taarifa kwamba yule kijana mrefu amepanda bodaboda bila helmeti, na damu ilikuwa inanichemka. Nilikata simu ya mama haraka ili nimpigie yule kijana, nikamgombeza nusu saa nzima, nikamwambia akirudia nitamrudisha kwao kwa miguu. Nilijisikia nimefanya kazi. Tiki ya binti niliiweka huku naongea.

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nakunywa chai. Simu ikaita, ni mama mjane. Hajawahi kunipigia yeye. Siku zote napiga mimi.

"Mwalimu, habari za asubuhi."

"Nzuri, mama. Shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna neno. Hajambo." Akaanza upya. "Hajambo, ila anakuulizia."

Sijui nielezeje kwa mtu asiye wa kwetu. Mwaka alipofariki baba yangu nilikuwa nafundisha Mbeya. Kaka yangu alinipigia akasema mzee hajambo, ila anakuulizia. Sikuuliza anaumwa nini. Nilipanda basi la kwanza, na nilipofika nilikuta watu wamejaa uani. Kwetu habari mbaya haitupwi kwenye simu kama takataka. Unaanza na hajambo ili mtu asianguke, halafu unamwekea kaneno kadogo pembeni, na yeye mwenye akili anakaokota. Haya yote niliyanyonya kwa mama yangu. Niliacha chai mezani, nikamkuta dereva wa ofisi anaosha gari, nikamwambia acha maji hayo twende.

Dereva wetu ni mtu wa taratibu. Siku hiyo nilitamani nimsukume nikae mwenyewe kwenye usukani. Nilimwambia kanyaga, akaniambia mama, kibao kinasema hamsini. Tulipoacha lami tukakutana na ng'ombe wa wafugaji wa Kisukuma wamejaa njia nzima, hawana haraka, na mchungaji wao hana haraka zaidi. Alikuja dirishani, akasalimia, akauliza habari za mjini. Nikamjibu nzuri, nzuri, nzuri, niondolee ng'ombe wako, baba, nina mgonjwa! Akashtuka, akapiga mluzi, wakasogea. Hilo neno, mgonjwa, lilikuwa limetoka kinywani mwangu na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Tulipofika nilidhani nimechelewa. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekaa kwenye mikeka uani, kimya, rozari mikononi. Mama mjane akatoka, akapiga goti, akaanza kunisalimia na makofi yake ya adabu, habari za safari, habari za nyumbani, na mimi, mtoto wa kufunzwa, nikamrukia: "Yuko wapi? Yu hai?" Akina mama wakainua macho kunitazama. Mama akanyanyuka, akanipeleka chumbani.

Alikuwa amelala chini ya mablanketi matatu, midomo imepasuka, macho ya manjano. Nilipomshika paji la uso nikaondoa mkono. "Binti yangu, habari?" Hata sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Akafungua macho. "Nzuri, Mwalimu," akasema.

Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Tulimbeba mimi, mama na dereva, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama mjane. Safari hii dereva hakutazama kibao. Njia nzima mama alikuwa anamwaga maji kwenye kitambaa na kumpangusa, na anamsemesha Kifipa, lugha ambayo binti hakuijua, na binti alikuwa anaitikia.

Hospitalini walimpima. Malaria, na imeshapanda. Bila shaka aliitoa Kipili, jioni zile za kaptula. Baadaye nilikuja kujua kwamba vidonge vya kinga alikuwa ameviacha kwa sababu vilikuwa vinamtia ndoto mbaya, na hakutaka kumsumbua mtu. Daktari, kijana mdogo kuliko wanafunzi wangu wengi wa zamani, akaniuliza ameanza kuumwa lini. Nikamjibu palepale, "Jumatatu." Akaandika. Nilikaa kwenye benchi la nje nikajiuliza nimejuaje kuwa ni Jumatatu, maana fomu zangu zilikuwa na tiki Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Mchana huo nilimpigia mama mzazi wa binti. Nilitoka hadi kwenye ua, nikazunguka, nikarudi, nikatoka tena. Nilipompata nilianza kwa kumuuliza habari za huko. Akanikata: "Yuko hai?" Nikasema yuko hai, anaumwa sana, sijui itakuwaje. Maisha yangu yote sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo bila kwanza kumpitisha kwenye hajambo, na nilihisi nimemsukuma mtu wa watu kwenye shimo. Hakulia. Alisema anakuja.

Alichukua siku tatu kufika, ndege mpaka Dar es Salaam, nyingine mpaka Mbeya, kisha gari. Siku ya kwanza binti hakumjua mtu. Siku ya pili aliweweseka, akawa anaita majina ya kwao. Siku zote hizo mama mjane hakuondoka. Alilala kwenye mkeka na ndugu wa wagonjwa wengine, akamwogesha, akamnywesha uji kwa kijiko, akafua mashuka. Mimi nilikuwa naingia na kutoka, nawasumbua wauguzi mpaka mmoja akaniambia mama, nenda kanisani. Asubuhi ya siku ya tatu homa ilikatika. Binti aliomba chungwa. Daktari akasema amepita pabaya, sasa tumshukuru Mungu, na mimi nikaenda nyuma ya jengo la wodi nikalia hadi kamasi.

Kumbe nilipoacha kumlilia binti nikaanza kujililia mwenyewe. Chuo chao kilikuwa kimeshaniandikia: kwa nini taarifa ilichelewa? Usiku uliopita nilikuwa nimeanza barua ya kujibu. Niliandika kwamba familia mwenyeji haikutoa taarifa za ugonjwa licha ya kupigiwa simu kila siku. Niliisoma mara mbili, nikaiona iko sawa. Fomu zinaonyesha hivyo. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba.

Mchana mama yake binti akafika. Mwembamba, nywele hazijachanwa, begi moja dogo. Hakunisalimia; alinipita moja kwa moja hadi kitandani, akaweka shavu lake kwenye shavu la mwanawe wakakaa hivyo muda mrefu. Mama mjane alisimama, akawapa kisogo kwa heshima. Yule mgeni alipoinuka na kumwona, mama mjane akapiga goti hapo hapo kwenye sakafu ya wodi, akapiga makofi yake. Mgeni hakujua afanye nini na mikono yake. Akanigeukia mimi, akaniambia kwa Kiingereza nimuulize mama huyu swali moja tu: alimwona mtoto anaumwa siku nne, kwa nini hakusema?

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri, sikupunguza kitu.

Mama mjane hakukasirika. Alinitazama mimi, siyo yule aliyeuliza. "Nilisema," akajibu. "Jumatatu nilimwambia mwalimu ugali hakuumaliza. Jumanne nikamwambia mtoto amelala mchana wa kazi. Jumatano nikamwambia nimempa blanketi langu. Nikajiuliza, mwalimu ni Mfipa mwenzangu, kazaliwa humu humu. Mbona haji? Kila siku nilikuwa natoka kutazama barabarani. Mwambie mwenzangu nilikuwa namsubiri mwalimu."

Yule mama mgeni alikuwa ananitazama, anasubiri. Nikafungua mdomo wangu huu, nikamwambia kwa Kiingereza, "Anasema anasikitika sana. Hakujua kama ilikuwa malaria. Alidhani ni baridi tu."

Yalitoka bila kukwama. Mama mjane, asiyejua Kiingereza, akaitikia kwa kichwa taratibu, akidhani nimemfikishia.

Ndipo nikasikia sauti kutoka kitandani, nyembamba, ya mtu asiye na nguvu ya kuinua shingo. "Mwalimu," binti akasema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, mama yake asielewe. "Samahani, Mwalimu. Hakusema hivyo."

Sikuthubutu kumtazama. Nilijua kwamba nikinyamaza naye angenyamaza, hangeniaibisha mbele ya mama yake, nilimfundisha mwenyewe. Nikashika chuma cha kitanda. Nikamwambia mama yake kwamba nimekosea, naomba nianze upya. Nikayasema yote, ugali, usingizi wa mchana, blanketi, barabara, moja baada ya jingine kama yalivyotoka kwa mwenyewe, na kwa kila moja nikamweleza kwetu maana yake ni nini.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na wewe ulimjibu nini?" akauliza.

Nikamwambia Jumatatu nilicheka. Jumanne nilisema mwache apumzike. Jumatano nilimwombea baraka, nikakata simu.

Mama yule akanipa mgongo. Alimwinua mama mjane kutoka sakafuni kwa mikono yake miwili, akasogea kwenye kile kitanda chembamba, akagonga godoro kwa kiganja ili mwenzake akae. Wakakaa wawili, mmoja ameshika mguu wa binti, mwingine mkono. Mimi hakuna aliyenikaribisha kiti.